Majina ya Nyumbani na Majina ya Rejesta

SWALI: Ninaandaa nasaba ya familia yetu. Mama mzazi wa babu yangu alijulikana kwa wote kama Polly, na hata barua zake alizitia saini kwa jina hilo, lakini silioni popote katika rejesta ya ubatizo, cheti cha ndoa wala sensa. Je, niandike jina gani? Aidha, wazazi wake wameandikiwa watoto wawili wenye jina moja. Je, karani alikosea?

JIBU: Ndugu msomaji, yamkini umeshapita mbele ya jina lake mara kadhaa bila kumtambua. Katika Kiingereza, Polly ni jina la kudekeza la Mary, lililotokana na Molly. Vivyo hivyo Peggy hutokana na Margaret, Nancy na Ann, na Jack na John. Kwa hiyo anza kumtafuta Mary, lakini kwa kuwa akina Mary ni wengi mno, usimkubali yeyote kabla hujalinganisha umri, majina ya wazazi, jina la mume na mashahidi wa ndoa. Barua ulizo nazo ni hazina kubwa hapa, kwa sababu ukipata saini yake katika hati ya ndoa unaweza kuilinganisha na mwandiko wa barua hizo.

Ikiwa rejesta imeandikwa kwa Kilatini, tarajia Maria mahali pa Mary, Gulielmus mahali pa William, na Jacobus, ambalo huweza kuwa James au Jacob. Mwanamuziki Mozart alibatizwa Salzburg mwaka 1756 kwa majina Joannes Chrysostomus Wolfgangus Theophilus; baba yake aliligeuza Theophilus kuwa Gottlieb kwa Kijerumani, na ulimwengu unamjua kwa umbo la Kilatini, Amadeus. Anayemtafuta Amadeus katika rejesta hiyo hatampata, ingawa mtu ni yule yule. Wala usilitegemee sana jina linalotangulia, kwani katika familia za Kijerumani jina la kwanza la ubatizo mara nyingi halikuwa la kuitia mtu: mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach alikuwa na kaka walioitwa Johann Christoph, Johann Balthasar na Johann Jacob.

Wakati mwingine ni karatasi yenyewe iliyomzalia mtu jina. Rais Ulysses S. Grant wa Marekani alizaliwa akiitwa Hiram Ulysses Grant, na herufi S iliingia kwa kosa la mbunge aliyempendekeza kujiunga na chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1839, ikabaki naye maisha yake yote.

Katika mti wa ukoo, mahali pa jina weka lile la ubatizo kama lilivyoandikwa, bila kulisahihisha, kisha uongeze Polly ndani ya alama za kunukuu na utaje kwamba limetoka katika barua. Nakusihi usilifute. Jina la nyumbani ndilo waliompenda walilomwitia, na huenda mjukuu wa tawi jingine la ukoo halijui jina lingine lolote.

Kuhusu wale watoto wawili, usiharakishe kumlaumu karani, kwa maana wazazi wengi walimpa mtoto mpya jina la ndugu yake aliyefariki. Mchoraji Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi 1853, mwaka mmoja kamili baada ya kaka yake, aliyeitwa pia Vincent, kuzaliwa akiwa amekufa. Tafuta basi rekodi ya kifo au ya maziko ya mtoto wa kwanza, iliyo na tarehe ya kabla ya mdogo wake kuzaliwa. Usipoipata, waache wote wawili katika mti kila mmoja na tarehe yake, wala usiwaunganishe kuwa mtu mmoja.