Programu ya Kuhariri Picha: Kabla ya Kuingia, Tazama Mlango wa Kutokea

SWALI: Mimi hupiga picha kwa kujifurahisha. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipiga ndege, mandhari na watu wa familia yangu kwa kamera ya megapikseli 24, na sasa nina picha zipatazo 9,000, nyingi zikiwa za RAW pamoja na JPEG zake. Kompyuta yangu mpakato inatumia Windows, ina RAM ya GB 8, na haina kadi ya michoro ya peke yake. Rafiki mmoja ananiambia kwamba asiyeijua Photoshop hajawa mpiga picha. Mwingine anasisitiza kwamba programu za bure zinatosha na kwamba kulipa kila mwezi ni kujifunga kamba. Sitaki kujifunza programu leo kisha niijutie baada ya miaka mitano. Nichague ipi, mtaalamu?

JIBU: Ndugu msomaji, marafiki zako wanabishana juu ya sifa na bei, ilhali sentensi yako kuhusu miaka mitano ndiyo inayostahili kujibiwa kwanza. Hata hivyo hatuwezi kuifikia kabla ya kutenganisha mambo mawili ambayo jina moja la “programu ya kuhariri picha” limeyachanganya.

Kuna programu zinazofanya kazi juu ya pikseli zenyewe. Photoshop, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1990, ni ya kundi hili, na vilevile GIMP ya bure, ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis walianza kuitengeneza mwaka 1995 wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika programu hizi unafungua picha moja, unaweka matabaka juu yake, unaondoa nguzo ya umeme iliyojichomeka nyuma ya kichwa cha mtu, unaunganisha picha mbili kuwa moja. Kundi la pili ni la programu zinazosafisha faili za RAW, yaani data ghafi iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. Nalitumia neno hili la kusafisha, walilolitumia wapiga picha wa enzi za filamu, kwa makusudi, kwa kuwa kazi ni ileile: kuchukua kitu ambacho bado si picha na kukifanya picha. Humo wamo Lightroom, Capture One na DxO PhotoLab, pamoja na zile za bure, darktable na RawTherapee. Nyingi kati yake pia hupanga picha, hutia nyota na maneno ya kutafutia, na hukuwezesha kurekebisha picha mia mbili za mkupuo mmoja kwa kurekebisha moja tu na kuwagawia wenzake marekebisho hayo.

Mtu mwenye picha 9,000 za ndege, mandhari na familia anahitaji kundi la pili karibu kila siku, na kundi la kwanza mara chache kwa mwezi. Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza hajakosea kuisifia Photoshop, ila amekupa nyundo wakati unachohitaji zaidi ni kabati. Ni kweli kwamba Photoshop nayo husafisha RAW kupitia sehemu yake iitwayo Camera Raw, ambayo hutumia mtambo uleule wa Lightroom, lakini kupanga maelfu ya picha sio kazi iliyoundiwa.

Umesema una RAW na JPEG pamoja, na hapa nina neno fupi. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ya RAW ya biti 14 huhifadhi ngazi 16,384. Ndiyo sababu anga linaloonekana limeungua kwenye JPEG mara nyingi hurudisha mawingu yake ukilishusha kwenye RAW, na sababu ya vivuli kuweza kuinuliwa bila kupasuka vipande vya rangi. Kuihariri JPEG na kuihifadhi tena na tena kunaipunguzia ubora kila mara. Kwa hiyo, programu yoyote utakayoichagua, sharti la kwanza ni kwamba iisome RAW ya kamera yako vizuri. Kila aina ya kamera ina muundo wake: Canon wana CR2 na CR3, Nikon wana NEF, Sony wana ARW, Fujifilm wana RAF. Hata ndani ya kampuni moja, kamera mpya huenda isifunguke hadi waundaji wa programu watoe toleo linaloitambua. Wanaonunua kamera iliyotoka jana wasishangae.

Sasa turudi kwenye miaka mitano. Programu za kusafisha RAW haziigusi faili yako ya asili. Unaposogeza kitufe cha mwangaza, programu huandika maagizo tu: ongeza mwangaza kiasi hiki, kata ukingo huu, punguza chengachenga (vidoadoa vinavyotokea picha ikipigwa kwenye mwanga hafifu) hapa. Maagizo hayo ni madogo mno, kwa kawaida ni kilobaiti chache, na hutekelezwa upya kila unapoitazama picha. Swali ambalo wauzaji huwa hawalitangulizi ni hili: maagizo hayo yanakaa wapi, na nani mwingine anaweza kuyasoma?

Lightroom Classic, yaani toleo la Lightroom linalofanya kazi juu ya picha zilizo kwenye kompyuta yako, huyaweka ndani ya katalogi, yaani faili moja kubwa inayobeba kumbukumbu za picha zako zote, ingawa katika mipangilio unaweza kuiamuru iandike pia faili ndogo ya XMP kando ya kila picha. darktable ina hazina yake ya data, na juu ya hiyo huandika faili ya XMP kando ya picha. RawTherapee huandika faili yake ya pp3. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo, niliwahi kufuta katalogi nikidhani ni takataka iliyokuwa ikijaza diski. Picha zote zilibaki salama, ila kazi ya miezi minane ya kuzisafisha ilitoweka kwa kubofya mara moja, na sikuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo huwa sihesabu kwamba nina nakala rudufu ya picha mpaka niwe na nakala rudufu ya maagizo yake.

Hata faili za XMP zikiwepo, usitegemee mengi unapohama. Nyota, majina na maneno ya kutafutia kwa kawaida husafiri kutoka programu moja hadi nyingine. Marekebisho ya mwangaza na rangi hayasafiri kwa namna ya kuaminika, kwa sababu kila mtambo una hesabu zake, na kipimo cha 30 cha vivuli katika programu moja hakina maana yoyote katika nyingine. Anayehama hubaki na njia moja ya hakika: kutoa nakala zilizokamilika. TIFF, yaani faili ya picha isiyopoteza ubora, ya biti 16 na megapikseli 24, ikiwa haijabanwa, hufikia takriban MB 144, kwa kuwa kila pikseli hubeba rangi tatu na kila rangi huchukua baiti mbili. Zidisha kwa picha 9,000 uone kwamba huko hatuendi. Unatoa TIFF kwa picha bora mia moja au mia mbili, na zilizobaki unazitolea JPEG ya ubora wa juu.

Wala kuhama si jambo la kubuni. Mwaka 2014 Apple walitangaza kwamba hawaiendelezi tena Aperture, programu waliyoitoa mwaka 2005 na iliyokuwa na wafuasi waaminifu, na ilipofika macOS Catalina mwaka 2019 haikuweza kufunguka kabisa. Google waliacha kuihudumia Picasa mwaka 2016. Adobe nao mwaka 2013 walianza kuzielekeza programu zao kwenye malipo ya mwezi, na Lightroom 6 ya mwaka 2015 ikawa ya mwisho kuuzwa kwa leseni ya kununua mara moja. Hakuna aliyetumia programu hizo aliyefanya uamuzi wa kipumbavu. Waliopata tabu kidogo ni wale waliokuwa wakijua mahali maagizo yao yalipokuwa, na waliokuwa wamekwisha kutoa nakala za picha walizozipenda.

Kuhusu kujifunga kamba kwa malipo ya mwezi, rafiki yako wa pili ana hoja, ila ameikaza kupita kiasi. Ukiacha kulipia, Lightroom Classic hukuruhusu kuendelea kutazama, kupanga na kutoa nakala. Kinachofungwa ni sehemu ya kusafisha picha. Hiyo ni kamba, lakini ina urefu wa kutosha kufika mlangoni. Kinachonisumbua zaidi ni hesabu ya muda mrefu: zidisha malipo ya mwezi kwa sitini, kisha ujiulize kama kiasi hicho kisingekupatia lenzi bora ya ndege. Kwa anayeuza picha zake hesabu hiyo ni gharama ya biashara. Kwa anayejifurahisha, ni fedha inayotoka mfuko uleule wa safari na vifaa. Na programu huria haina maana ya programu dhaifu: tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 GIMP inafanya kazi kwa biti 16 na 32, na toleo la 3.0 la mwaka 2025 limeleta filta zinazoweza kurekebishwa baadaye bila kuharibu picha. Upungufu wake kwako ni kwamba haisafishi RAW yenyewe. Huikabidhi kwa darktable au RawTherapee kwanza.

Kompyuta yako ndiyo itakayokuamulia mengi kuliko unavyodhani. RAM ya GB 8 inatosha kusafisha picha za megapikseli 24, mradi usifungue kivinjari chenye vichupo thelathini kando yake. Kukosa kadi ya michoro kutakuumiza katika mambo mawili. La kwanza ni uondoaji wa chengachenga unaotumia akili unde, kama DeepPRIME ya DxO au Denoise iliyoingia Lightroom mwaka 2023, ambao kwenye mashine ya namna yako unaweza kuchukua dakika kadhaa kwa picha moja. Na mpiga ndege, anayelazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) asubuhi na mapema, ndiye anayeutamani kuliko wote. La pili ni darktable yenyewe, ambayo hupenda kutumia kadi ya michoro na huonekana nzito bila hiyo. RawTherapee hutegemea prosesa, hivyo haitakuadhibu kwa kukosa kadi, ingawa upangaji wake wa picha ni hafifu. Ukipata fedha kidogo, ongeza RAM na diski ya SSD kabla ya kununua programu yoyote. Skrini nayo isisahaulike: ikiwa inaonyesha kila kitu kwa ubuluu, utazipaka ngozi za watu wako umanjano ukidhani unazirekebisha, na hakuna programu itakayokunong’oneza.

Usichague kwa kusoma orodha za sifa, pamoja na hii yangu. Chukua picha ishirini ngumu kutoka mkusanyiko wako: ndege aliyepigwa kwa ISO 6400, mtu aliyesimama mbele ya dirisha lenye mwanga mkali, ngozi nyeusi kando ya nguo nyeupe, mandhari yenye upeo uliopinda, na nyingine za aina hiyo. Zisafishe zote katika programu mbili, na upime muda kwa saa. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi: funga programu, hamishia folda ile kwenye diski nyingine, uifungue tena, na uone kama kazi yako imekufuata. Programu za kulipia kwa kawaida hutoa muda wa majaribio bila malipo, kwa hiyo andaa picha hizo kabla ya kubofya, muda usije ukaisha ukiwa bado unachagua.

Kwa hali uliyonieleza, mimi ningeanza na darktable kwa kusafisha na kupanga, na GIMP kwa siku zile chache za kuondoa nguzo na waya. Nasema hivyo nikijua kwamba darktable ni nzito kwenye mashine kama yako na ni ngumu wiki za mwanzo. Ina moduli nyingi, na baadhi zinafanya kazi moja kwa njia tofauti, jambo linalomchosha mgeni. Jifunze tano au sita tu, yaani mwangaza, usawa wa rangi nyeupe, ukataji, urekebishaji wa lenzi, uondoaji wa chengachenga na ile inayopanga mwanga kutoka vivuli hadi weupe, na nyingine uzifiche. Jipe miezi miwili. Ikiwa baada ya hapo bado unaifungua kwa kusitasita, au mashine inakwama, lipia Lightroom Classic bila aibu, kwa sababu programu unayoikwepa ni ghali hata ikiwa ya bure. Siku ya kwanza washa uandikaji wa XMP katika mipangilio yake.

Jambo la mwisho ni kuhusu zile picha 9,000. Usiziingize zote. Ingiza za mwaka huu peke yake, uzitie nyota na maneno ya kutafutia, na za zamani uziache katika folda zake zenye tarehe hadi siku utakapohitaji mojawapo.