Bwana harusi aliyening'inizwa ukutani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu anasoma fasihi ya Kijerumani ya zama za kati. Wanawake wa humo si wale wa kukaa dirishani tu, wakingoja mashujaa? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Wa dirishani wapo. Lakini mwambie akusomee Nibelungenlied, utenzi wa mnamo mwaka 1200. Malkia Brünhild hushindana na wachumba kwa mkuki na jiwe; anayeshindwa hukatwa kichwa. Mfalme Gunther anampata kwa hila. Usiku wa harusi, anapotaka kumlazimisha, bibi harusi anavua mshipi wake, anamfunga mikono na miguu, kisha anamtundika kwenye msumari. Jamaa ananing'inia mpaka kunapambazuka! Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya daladala.

Kicheko kilikatika nilipofika usiku uliofuata. Shujaa Siegfried, rafiki wa Gunther, kajifunika joho la kutoonekana, anapambana na Brünhild gizani kwa niaba ya mfalme. Karibu azidiwe, anawaza: nikifa mikononi mwa mwanamke huyu, wake wote watawapanda waume zao vichwani. Basi anakaza. Baada ya hapo Gunther analala naye, na nguvu zake Brünhild zinamtoka. Mshairi anausimulia kama ushindi. Mimi naona uonevu mtupu.