Kroshia unaiweza, sindano mbili zinagoma: makosa yako yanatokea wapi

Mkuu, umesema kroshia unaifahamu, vitambaa vya meza unadarizi, hata ukili unasuka, ila kila ukishika sindano mbili za kufumia unaanza na vitanzi 20 na baada ya sentimita chache vimekuwa 27, kingo zimekwenda upogo, na vitanzi vimekaza mpaka sindano haipenyi. Umejibiwa "fanya mazoezi". Mazoezi hayatasaidia kabla hujajua mkono unafanya nini, maana uliyoyataja ni makosa tofauti, na hilo la kukaza linatoka moja kwa moja kwenye kazi unazozijua vizuri.

Kwenye kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Vingine vyote vimeshafungwa. Ukikosea unavuta uzi, unafumua, unaendelea. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote 20 viko wazi kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinashikiliwa na sindano tu. Halafu ile sindano ya kroshia ina kikulabu kinachonasa uzi. Hizi hazina. Aliyezoea kikulabu huukaza uzi kidoleni ili unasike, na msusi wa ukili naye kila akipitisha chane anakaza, la sivyo mkeka hautashika. Tabia hizo mbili ukizileta hapa, umejifunga mwenyewe.

Kinachopima ukubwa wa kitanzi ni shina la sindano, ile sehemu nene, si ncha. Anayekaza hufumia nchani kwa sababu anaogopa vitanzi visichomoke, kwa hiyo kila kitanzi kinatoka na unene wa ncha, kisha kinalazimishwa kupanda kwenye shina. Hapo ndipo unaposikia sindano inalia na vidole vinauma. Kila ukimaliza kitanzi kipya, kisukume kwenye shina la sindano ya kulia kabla hujagusa kinachofuata. Baada ya kitanzi usivute uzi. Kaza kidogo vitanzi viwili vya mwanzo wa mstari tu, basi. Na wakati wa kuanzisha vitanzi, acha nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya kimoja na kingine; mstari wa kwanza ukibana, wote unaofuata utateseka. Kama mkono ni mgumu sana, anzishia kwa sindano ya mm 6, kisha fuma kwa mm 5.

Vifaa navyo vinachangia. Chukua uzi laini usio na manyoya, wa rangi ya mwanga, unene wa kati. Usianze na mweusi wala wa bluu ya giza, hutaona kitanzi. Pamba tupu haina mvutano, inachosha mkono wa mwanafunzi. Akriliki au sufu inasamehe zaidi. Sindano za mianzi zinashika uzi kidogo, za chuma zinateleza. Wapo wanaoanza na spoku za baiskeli zilizochongwa ncha: spoku ya kawaida ni kama mm 2, inafaa uzi mwembamba na mkono uliokwisha kuzoea, si wewe kwa sasa.

Angalia pia namba za sindano, hasa za kurithi au za mtumba. Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni mm 4, namba 8 ya Marekani ni mm 5. Za Uingereza zinakwenda kinyume, namba ikipanda sindano inakonda: 10 ni mm 3.25, 6 ni mm 5. Ukikuta maelezo yameandikwa "namba 8" peke yake, tafuta kwanza yanatoka wapi.

Sasa vitanzi vinavyozaliana. Penye kingo sababu karibu kila mara ni hii: ukigeuza kazi, uzi unapaswa kuning'inia chini, upande wa mbele yako, kisha ndipo uupitishe chini ya ncha kwenda nyuma. Ukiuvuta kupita juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha mwisho kinainuka, miguu yake miwili inatokeza juu kana kwamba ni vitanzi viwili. Unafuma vyote viwili. Mistari saba tu ya namna hiyo na 20 yako imekuwa 27.

Katikati ya mstari ni jambo lingine. Ukitoka kufuma kitanzi cha nyuma (uzi ukiwa mbele yako) kwenda cha mbele (uzi ukiwa nyuma), lazima uurudishe uzi kwa kuupitisha kati ya ncha mbili. Ukiusahau mbele, utapita juu ya sindano na kuwa kitanzi cha bandia, na chini yake patabaki tundu. Ukikiona katika mstari unaofuata, kiangushe tu, hakina mzizi. Kosa la tatu ni kuchoma uzi ukapasuka, nusu ikafumwa na nusu ikabaki pembeni.

Na ukisimama katikati ya mstari, mlango umegongwa, ukirudi sindano yenye uzi wa bonge ndiyo inayokaa mkono wa kulia. Ukiishika kushoto utafuma kurudi ulikotoka, upande mmoja utakuwa na mistari miwili zaidi.

Kwa kuwa ni mtu wa kroshia, uzi uache mkono wa kushoto kama ulivyozoea, juu ya kidole cha shahada, sindano ya kulia ikiuchota. Ukifundishwa kuurusha kwa mkono wa kulia huna sababu ya kulazimika. Ila mtego upo kwenye kitanzi cha nyuma. Mkono wa kushoto unapenda kuuchota uzi kutoka chini ya ncha, kwa kuwa ni njia fupi, badala ya kuuzungusha kupita juu yake. Kitanzi kinafumika vizuri tu, lakini kinakaa kinyume.

Kitanzi kinakaa juu ya sindano kama mtu aliyepanda punda, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Kawaida mguu wa kulia ndio unaokuwa mbele. Ukikuta wa kushoto ndio uko mbele, ingiza sindano kwenye mguu wa nyuma, mambo yamekwisha. Ukiingiza mbele kwa mazoea, miguu itapishana: chini ya kila kitanzi utaona alama ya X badala ya V, na kitambaa kitakuwa kigumu hata kama hukukaza. Nafikiri kati ya yote niliyoandika hapa, hili la kusoma miguu ndilo lenye thamani kubwa kuliko video kumi. Mdarizi anaangalia tundu la mbele yake. Mfumaji anaangalia kilichokwisha kukaa kwenye sindano.

Kikianguka kitanzi usihamaki. Kitashuka kikiacha ngazi ya nyuzi za mlalo. Hapa sindano yako ya kroshia ndiyo dawa: geuza upande wa V ukuelekee, ingiza kikulabu kwenye kitanzi kutoka mbele, nasa kipago cha kwanza juu yake, kivute kipite ndani, panda ngazi hivyo hivyo hadi juu, kirudishe kwenye sindano mguu wa kulia ukiwa mbele. Kwa kufumua mistari mingi, usichomoe sindano hivi hivi. Kila baada ya mistari 10 pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine, kwa sindano butu, ndani ya vitanzi vyote. Ukifumua utaishia hapo, havitashuka zaidi.

Kitambaa cha upande mmoja V na upande wa pili vinundu kinajikunja: pembeni kuelekea nyuma, juu na chini kuelekea mbele. Si kosa lako, ndivyo vitanzi vilivyo, na kupiga pasi hakuondoi. Weka mbavu (vitanzi vya mbele na vya nyuma vikipokezana katika mstari mmoja), au kingo za vitanzi vitatu vinavyofumwa cha mbele kila mstari.

Zoezi: vitanzi 20, vyote cha mbele, kwenda na kurudi, mistari 40. Utapata matuta 20 kila upande, maana mistari miwili hufanya tuta moja. Hesabu vitanzi kila mwisho wa mstari mpaka mistari 10 mfululizo iwe sawa.

Halafu skafu usiiguse. Sijui nani aliyeanzisha desturi ya kumpa mwanafunzi skafu, kitu cha mita moja na nusu kisicho na jipya lolote baada ya sentimita kumi, na ukiwa pwani hutaivaa. Fuma kofia ya mtoto mchanga. Gramu 50 za uzi wa kufumia kwa mm 4 zinatosha na kubaki.

Kwanza sampuli ya vitanzi 30, pima katikati, si kingo. Unatafuta vitanzi 22 kwa sentimita 10. Ukipata 20, teremka hadi mm 3.75, ukipata 24, panda hadi mm 4.5. Kwenye kofia tofauti hiyo ni ndogo, lakini sweta la vitanzi 198 lililopangwa kuwa sentimita 90 litatoka 99 ukifuma 20 badala ya 22.

Anzisha vitanzi 74: 72 vya kofia, na kimoja kila upande cha mshono. Mbavu mbili mbili (viwili vya mbele, viwili vya nyuma) sentimita 3, halafu mstari wa kwenda vitanzi vya mbele, wa kurudi vya nyuma, mpaka jumla ifike sentimita 10. Kupunguza: kimoja cha pembeni, kisha fuma 7, viwili kwa pamoja, rudia mara 8, kimoja cha pembeni. Mstari wa kurudi usipunguze. Mara inayofuata fuma 6 na viwili pamoja, kisha 5, hivyo hivyo hadi mstari wa mwisho ambao ni viwili pamoja tu. Utabaki na vitanzi 10. Kata uzi ukiacha sentimita 40, upitishe ndani ya vyote 10, vuta, funga, na shona ubavu kwa uzi huo huo kuanzia juu kushuka. Ukitaka pindo la kukunja, fanya mbavu ziwe sentimita 6, jumla iwe 13 kabla ya kupunguza, na zile 3 za chini zishone upande wa pili, ili ukikunja mshono usionekane.