Namba 4 Inabana, Namba 3 Inapwaya: Nibandike Ipi?

SWALI: Dada, hujambo? Nilimaliza kozi ya urembo majuzi na sasa nina meza yangu ndani ya saluni ya rafiki hapa Free Area, Nakuru. Wateja wa kucha za akriliki wanarudi kabla ya wiki kuisha, kucha ya gumba imeinuka pembeni. Mmoja alisema kidole kilimuuma hadi akashindwa kulala. Nikipima tipsi, zile ncha za plastiki tunazobandika juu ya kucha, namba 4 inabana na namba 3 inapwaya. Huwa nachukua 4 kwa sababu inaonekana nadhifu. Shida iko wapi? – Fundi Mpya, Nakuru

JIBU: Sijambo, mdogo wangu, na karibu kwenye kazi. Chukua 3. Ukijikuta katikati ya namba mbili, beba ile kubwa uipunguze pembeni kwa tupa ya kucha. Kubwa inapunguzika, ndogo haina dawa. Namba zenyewe unajua zinaenda kinyumenyume: kwenye pakiti nyingi za saizi 10, 0 ndiyo pana kabisa na 9 ndiyo nyembamba. Nyingine huanza na 1 na kuishia 10, na 4 ya kampuni hii huenda isilingane na 4 ya kampuni ile, kwa hivyo usizimwage zote kwenye kisanduku kimoja.

Sasa hiyo 4. Haifiki pembeni mwa kucha, basi unaikandamiza mpaka ifike. Angalia vizuri ukiwa umeikandamiza: plastiki inapauka, inafanya mstari mweupe katikati. Ukiona huo weupe, itoe. Plastiki iliyolazimishwa kutanuka inataka kurudi ilivyokuwa, na gundi ikishakauka inaanza kuvuta kucha ya mteja kutoka pande zote mbili. Hayo ndiyo maumivu ya usiku. Upande ukishaachia, maji ya kufulia yanapenya, na akriliki uliyoipaka vizuri juu haisaidii chochote, maana iliyo chini yake ndiyo inayobanduka.

Pima kavu, kabla hujafungua gundi. Weka tipsi juu ya kucha bila kubonyeza, halafu mgeuze mteja kidole akuelekezee ncha. Kingo za tipsi zigote pale kucha inapokutana na mkunjo wa ngozi, kushoto na kulia, bila kupanda juu ya ngozi. Ikipanda, punguza pembeni, kwenye ile sehemu yenye kijibonde inayokaa juu ya kucha. Piga tupa kidogo, pima, piga tena. Usile upande mmoja tu, kucha itaonekana imepinda na mteja ataiona kabla hajafika steji.

Gumba lina mambo yake. Wengi wana gumba pana na bapa, na tipsi yenye mgongo mkali inaweza kutosha upana lakini ikaacha pengo katikati. Hapo namba haina kosa, mkunjo ndio haufai. Tafuta tipsi iliyo bapa zaidi, usijaze pengo kwa gundi. Kijibonde nacho kisifunike zaidi ya nusu ya kucha ya asili; mteja mwenye kucha fupi, kikate kwanza. Wakati wa kubandika, inamisha tipsi, gusisha ukingo wa kucha kwanza, kisha ilaze polepole ili hewa itoke.

Na pima vidole vyote 10. Mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja mara nyingi hauvai namba sawa. Mimi hapa Kondele hupanga tipsi zote mezani kwa mpangilio wa vidole kabla sijagusa gundi, na namba za kila mteja naziandika kwenye daftari. Akirudi, hata akiwa na haraka ya harusi, naanza moja kwa moja.

SWALI: Namba 4, 5 na 6 zinaniishia haraka, za 9 zimejaa. Ninunue pakiti nzima tena? – Mama wa Saluni, Bungoma

JIBU: Hapana, mama. Tipsi huuzwa pia kwa pakiti za saizi moja. Muulize anayekuuzia vifaa. Ukikwama katikati ya kazi, namba 3 iliyopigwa tupa itakuvusha. Hizo 9 ziweke, zitapata vidole vidogo.

SWALI: Mteja wangu huuza samaki, ngege, kule Dunga. Nilipombandua kucha nikakuta doa la kijani. Nifunike na nyingine? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Usifunike. Doa kama hilo mara nyingi ni bakteria waliopata unyevu chini ya tipsi iliyoachia. Acha kucha wazi, vifaa ulivyotumia visafishe na tupa hiyo uitupe. Doa likiendelea kuenea, au kidole kikivimba au kuuma, aende hospitali. Doa likiisha na kucha ikiwa nzima, mbandikie fupi na umwambie avae glavu anapopara samaki. Atakataa, najua, wauza samaki hawapendi glavu. Basi angalau upande ukiinuka aje siku hiyo hiyo, asiurudishe kwa gundi ya dukani.