Maswali ya Wasomaji: Ahadi ni za Meya, Funguo Ziko Albany

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kwetu Mbagala tulishangilia sana Novemba 2025, Zohran Mamdani, kijana mzaliwa wa Kampala, aliposhinda umeya wa New York. Sasa nasikia kwamba mengi aliyoahidi hataweza kuyatekeleza. Kwetu meya huchaguliwa na madiwani, na mkurugenzi wa jiji huteuliwa na Rais, kwa hiyo nikimwona meya wetu hana nguvu, sababu naijua. Lakini huyu amepigiwa kura na wananchi wenyewe, zaidi ya milioni 1. Ni nani basi anayemfunga mikono?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, furaha yenu ina msingi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini Uganda mwaka 1972. Mwanawe alihamia New York akiwa na umri wa miaka 7, akawa mjumbe wa bunge la jimbo la New York kutoka Queens, mojawapo ya wilaya 5 za jiji hilo, na tarehe 1 Januari 2026 akaapishwa kuwa meya.

Nguvu anazo, tena si haba. Humteua kamishna wa polisi, na huandaa bajeti inayozidi dola bilioni 110 kwa mwaka, ambayo baraza la jiji lenye wajumbe 51 huipitisha. Kinachomfunga ni kwamba, kwa sheria za Marekani, jiji ni kiumbe cha jimbo, yaani mamlaka yake hutoka kwa jimbo, na jimbo la New York linatawaliwa kutoka Albany, mji ulio mwendo wa saa kadhaa kaskazini. Mamdani aliahidi kuwaongezea kodi ya mapato ya asilimia 2 wale wanaopata zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, ili fedha hizo zigharimie malezi ya watoto wadogo. Meya hawezi kuitoza kodi hiyo hata baraza lake lote likinyoosha mikono, kwa sababu ni lazima bunge la jimbo liipitishe na gavana aitie saini. Gavana Kathy Hochul alimuunga mkono katika kampeni, lakini aliweka wazi kwamba hataki kuongeza kodi ya mapato, naye mwenyewe ana uchaguzi Novemba 2026.

Kodi kubwa pekee ambayo jiji linaweza kuipandisha bila kupiga hodi Albany ni ile ya majengo, na hapo ndipo ninapomhurumia meya yeyote anayewapenda makabwela. Akiipandisha, anayelipa kwanza ni mwenye nyumba, ambaye ndiye huyohuyo anayeombwa asipandishe pango, na pamoja naye analipa mzee wa Queens ambaye mali yake yote ni nyumba moja aliyoinunua kwa jasho la miaka 30.

Kukopa nako kuna mipaka, na mipaka hiyo iliwekwa kwa machungu. Mwaka 1975 jiji lilikaribia kufilisika baada ya benki kukataa kulikopesha tena. Jimbo likaunda bodi ya kusimamia fedha zake, maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa, nauli ya treni ikapanda kutoka senti 35 hadi 50, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha jiji, ambacho chimbuko lake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1847 ili watoto wa maskini wasome bure, kikaanza kutoza ada. Tangu wakati huo sheria inamtaka kila meya awe na bajeti ambayo matumizi hayazidi mapato.

Hata hivyo si kwamba hakuna njia. Meya wa zamani Bill de Blasio alipoingia madarakani mwaka 2014 aliomba kodi kwa wenye kipato cha zaidi ya dola 500,000 ili kila mtoto wa miaka 4 apate darasa la awali. Gavana wa wakati huo, Andrew Cuomo, yuleyule ambaye Mamdani alimshinda mwaka 2025, aliikataa kodi hiyo lakini akatoa fedha za jimbo, na Septemba ya mwaka huohuo makumi ya maelfu ya watoto wakaingia madarasani bila mzazi kulipa ada. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko jambo lolote lingine alilolifanya de Blasio katika miaka yake 8. Alikubali kupata madarasa bila kodi, na mama aliyempeleka mwanawe asubuhi ile hakuuliza fedha zimetoka mfuko gani.

SWALI: Je, ni kweli kwamba polisi ndio wanaowaangusha mameya wanaoahidi mabadiliko kama Mamdani?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Hawawaangushi peke yao, lakini wanaweza kumfanya meya aonekane mgeni katika jiji lake. De Blasio alichaguliwa akipinga utaratibu wa polisi kuwasimamisha na kuwapekua vijana barabarani, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa weusi na Walatino. Tarehe 20 Desemba 2014 askari wawili waliuawa kwa risasi wakiwa ndani ya gari lao Brooklyn. Usiku ule meya alipopita kwenye ukumbi wa hospitali, askari waliokuwa wamejipanga ukutani waligeuka, wakampa mgongo. Walirudia kufanya hivyo kwenye mazishi. Baada ya hapo alizungumza juu ya polisi kwa uangalifu mwingi zaidi, na wafuasi wake wakamwona amelegea. Mamdani alimbakiza kamishna aliyemkuta, Jessica Tisch, na baadhi ya waliompigia kura walikasirika. Mimi naona alifanya busara, ingawa najua kuna wasomaji watakaonipinga.

Lakini mpendwa msomaji, usisahau taka na theluji. Februari 1969 theluji kubwa iliangukia New York wakati meya akiwa John Lindsay, mtu aliyesifiwa kwa kutembea kwa miguu katika mitaa ya Harlem, eneo la Wamarekani weusi, jiji lilipokuwa limejaa hasira. Barabara za Manhattan zilisafishwa, ilhali za Queens zilikaa siku kadhaa zikiwa zimezibwa, na watu 42 walipoteza maisha jijini. Lindsay alipokwenda Queens gari lake lilikwama, na wakazi wakamzomea. Meya anayetaka kubadilisha mambo makubwa huombwa na raia, kabla ya yote, amwondolee theluji mlangoni, na raia huyo ana haki kamili ya kuomba hivyo.

SWALI: Mhariri, mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kutunza wazee huku Bronx. Napanda basi kwenda na kurudi siku 5 kwa wiki, na chumba changu kiko kwenye jengo ambalo pango lake linadhibitiwa na serikali. Kati ya ahadi mbili za Mamdani, basi la bure na kusimamisha nyongeza ya pango, nitegemee ipi?
Msomaji, Bronx, New York

JIBU: Dada yangu, pole na kazi, maana utunzaji wa wazee si kazi nyepesi. Nauli ya basi ilifika dola 3 Januari 2026, kwa hiyo wewe unatumia dola 30 kwa wiki kabla hujanunua hata mkate. Kwa bahati mbaya mabasi hayo hayako chini ya meya, kwani yanaendeshwa na shirika la jimbo, na nauli unayolipa ni sehemu ya mapato ambayo tayari yamewekwa dhamana kwa waliolikopesha shirika hilo. Kati ya 2023 na 2024 njia 5, moja katika kila wilaya ya jiji, zilijaribiwa bila nauli. Abiria waliongezeka, lakini jaribio halikuendelezwa. Kwa hiyo nakushauri usiivunje bajeti yako kwa kulitegemea basi la bure.

Pango ni jambo jingine. Nyongeza ya pango kwa takribani nyumba milioni 1 kama yako hupangwa na bodi ya watu 9, ambao wote huteuliwa na meya. Bodi hiyo ilikataa nyongeza kwa mikataba ya mwaka mmoja mwaka 2015, 2016 na 2020. Wajumbe wana vipindi vyao, kwa hiyo meya mpya hawezi kuwabadilisha wote kwa siku moja, na sheria inawataka wapime pia gharama za wenye nyumba, ambao nao husema mabomba na paa havitengenezwi kwa ahadi. Kama unalipa dola 1,500, nyongeza ya asilimia 3 ni dola 45 kila mwezi, yaani dola 540 kwa mwaka, ambazo najua ungezituma nyumbani.

Kabla ya kura ya mwisho, ambayo kwa kawaida hupigwa mwezi Juni, bodi hufanya mikutano ya hadhara ambapo mpangaji yeyote huruhusiwa kusema. Viwango vipya huanza tarehe 1 Oktoba. Beba stakabadhi zako za pango na karatasi ya mshahara, ufike mapema ujiandikishe kuzungumza, na uwaambie wajumbe hizo dola 45 zinatoka wapi kwenye mshahara wako.