Barua kwa mwanangu: Zimebaki 73

Atlanta, Ijumaa, 16 Julai 2021

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. "Mama, Acuña ndiyo basi tena, msimu umekwisha. Bado unakesha na hiyo redio? Unatarajia nini hasa?" Nilitaka nikupigie simu, nikajizuia. Wewe uko New York, mjini kwa hao Mets wanaotuongoza sisi Braves kwenye besiboli, na maneno kama hayo yakitokea huko yananichoma mara mbili. Ningekujibu kwa hasira. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Baba yako anasema siku hizi hakuna mtu anayeandika barua, muache aseme.

Acuña, mchezaji wetu bora, nilimwona mwenyewe akiumia, kwenye runinga. Jumamosi ile walikuwa Miami, raundi ya tano, mpira ukapigwa juu kuelekea kulia. Akaukimbilia hadi ukutani, akaruka, akautua mguu wa kulia, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Unajua alivyo yule kijana, hata akitembea anatembea kama anacheza ngoma. Safari hii alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Wakaleta kigari cha kumbebea. Nilikuwa nimeshika sahani na kitambaa cha kukaushia vyombo, nikajikuta naikausha sahani ileile mpaka matangazo ya biashara yakaisha. Kesho yake wakatangaza kwamba kano ya goti imechanika, hatarudi mpaka mwakani. Kijana aliyepigiwa kura kuanza kwenye mechi ya nyota kule Denver, ile ambayo awali ingechezwa hapa kwetu!

Na wala si yeye peke yake. Soroka, mrushaji wetu, kano ya kisigino imemkatika tena mwezi uliopita, na safari hii hakuwa hata anacheza, alikuwa anatembea tu. D'Arnaud, mdakaji wetu, ana kidole gumba kibovu tangu Mei. Timu ilianza kwa kupoteza mechi nne mfululizo, na tangu siku hiyo haijafika siku hata moja ambayo ushindi umezidi vipigo. Wakikaribia kuvuka wanateleza. Haya yote nayajua kuliko unavyoyajua wewe, kwa sababu nayaandika.

Ndiyo, lile daftari la mistari bado lipo, juu ya friji, pembeni ya redio. Kila usiku naweka tarehe na neno moja: "tumepata" au "tumekosa". Wiki hii ya mapumziko nimehesabu. Mechi 89. Tumepata 44, tumekosa 45. Nilipoiona hiyo 44 nikakaa kimya kidogo. Ni namba ya mgongoni ya Hank Aaron, nguli wa Braves aliyetutoka Januari, na mwaka huu wameichora kwenye majani pale katikati ya uwanja. Baba yako kasema namba ni namba, nisianze ushirikina. Sawa. Mimi nimesema tu kwamba nimeiona.

Sasa tupige hesabu kama watu wazima. Mets wana ushindi 47 na vipigo 40. Sisi tuko nyuma yao mechi nne, na Phillies wako katikati yetu. Zimebaki 73. Mechi nne katika 73, mwanangu! Kama kundi letu lingekuwa na timu moja inayokimbia peke yake huko mbele, ningekaa kimya. Lakini hakuna anayekimbia. Wote wanajikongoja, sisi tukiwemo. Tena hao Mets tumewachapa 20 kwa 2 mwisho wa Juni. Ishirini! Timu iliyokufa haitoi ishirini.

Utasema hiyo ni mechi moja. Ni kweli. Ngoja nikueleze nilikoutoa huu ugonjwa, maana nadhani sijawahi kukusimulia vizuri.

Julai 1993 nilikuwa na mwezi mmoja tu hapa mjini. Nilipata kazi ya usiku ya kusafisha ofisi katikati ya jiji. Niliyepangwa naye alikuwa mama mmoja mzee, mzaliwa wa Alabama, mwenye redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli kwenye kitoroli cha madekio. Kila tukihamia chumba kingine, ndoo inaanza, redio inafuata, sisi nyuma. Sikuelewa neno hata moja la mchezo ule. Nilichosikia mimi ni mwanamume mmoja anaongea polepole, halafu kimya, halafu anaongea tena. Nilidhani ni mahubiri.

Tarehe 20 ukawaka moto uwanjani kabla ya mechi, kule juu kwenye vyumba vya upande wa waandishi wa habari. Moto wa kweli, moshi mweusi, mechi ikacheleweshwa. Yule mama akaacha kudeki, akakaa juu ya ndoo. Braves walikuwa nyuma ya San Francisco kwa zaidi ya mechi tisa, na siku hiyohiyo ndiyo alikuwa anaanza mchezaji mpya waliyemtoa San Diego, Fred McGriff. Wakaanza kwa kupigwa 5 kwa 0. Mimi nikasema, mama, zima, turudi kazini. Akaniambia nitulie. Basi yule McGriff akautoa mpira nje ya ukuta, ikawa tano kwa tano, na mwisho tukashinda 8 kwa 5. Nimesema "tukashinda", unaona? Saa mbili kabla sikuwa na timu.

Baada ya hapo hawakushikika. Siku ya mwisho kabisa ya msimu tulimaliza na ushindi 104, San Francisco 103. Enzi hizo wa pili alikwenda nyumbani na 103 zake. Na ili nisikufiche kitu: Oktoba Phillies wakatutoa. Kombe hatukulipata. Yule mama alikuja kazini kesho yake, akafunga redio kwenye kitoroli, akatafuta stesheni ya muziki, tukadeki.

Kuna wengine huanza na habari za 1914, klabu hii hii ilipokuwa Boston. Tarehe 4 Julai walikuwa wa mwisho kabisa, mechi 15 nyuma. Walimaliza wakiwa wa kwanza kwa mechi kumi na nusu, kisha wakawafagia Philadelphia nne bila kwenye World Series, fainali ya besiboli. Ni kweli na imeandikwa, lakini mimi hainipi joto. Hao wote wamekufa zamani. Ile ya 1993 niliisikia kwa masikio yangu, dekio mkononi.

Na hii ndiyo sababu ya kuandika leo na si jana. Jana Braves wamemchukua Joc Pederson kutoka Chicago. Najua, Pederson si Acuña. Hata nusu yake sijui kama anafika. Na mwaka jana alikuwa na haohao Dodgers waliotutoa tukiwa tunaongoza mechi 3 kwa 1, sijawasamehe. Lakini fikiria mwenye duka anayejua biashara imekufa: anauza rafu na mizani. Timu iliyokata tamaa Julai nayo huuza, inawatoa wakubwa wake, inachukua watoto wa kukuza. Hawa wa kwetu wamepoteza mchezaji wao bora, na ndani ya siku tano wamekwenda sokoni kununua. Wao wana daktari, wana wahesabuji wao, wanaona kila kitu. Kama wao hawajauza, mimi wa redio niuze nini?

Sasa swali lako: natarajia nini hasa. Nimelifikiria, maana naona ulidhani nitakujibu "kombe". Sitarajii kombe. Mara ya mwisho tulipolichukua, 1995, ulikuwa na miezi mitatu, umelala begani kwa baba yako, na kelele zangu zikakuamsha ukalia mpaka saa nane usiku. Miaka 26 imepita. Nimeshaona timu nzuri kuliko hii zikivunjika Oktoba, sina ahadi na mtu.

Natarajia Septemba. Nataka Septemba ifike, nirudi kutoka kazini usiku, na kabla ya kuwasha redio nisimame kidogo jikoni nikiogopa kujua matokeo. Basi. Timu iliyokwisha haikuogopeshi, unawasha tu kama unavyofungua bomba. Mwaka ambao Septemba inatisha ni mwaka mzuri, hata ukiishia vibaya. Sasa ukiniambia nizime redio Julai, zikiwa zimebaki mechi 73 na tuko nne nyuma, unaninyima hofu yangu bure.

Na usinidanganye. Wewe nawe unaangalia matokeo asubuhi kabla ya kupiga mswaki, nimekulea mimi.

Leo usiku wanaanza tena, Tampa Bay wanakuja. Nimekwishaandika tarehe kwenye daftari.

Mama yako


Nyongeza, Jumamosi, 7 Agosti

Baba, nisamehe. Barua hii niliiweka ndani ya daftari nikisubiri stempu, nikaisahau. Leo nimeifungua nikaona hata sihitaji kuiandika upya.

Umesikia walichofanya tarehe 30, siku ya mwisho ya kubadilishana? Wameleta watatu wa kuziba pengo kule nyuma alikokuwa Acuña: Duvall, Soler na Rosario. Rosario amekuja akiwa majeruhi! Baba yako alicheka mpaka akakohoa, anasema tumenunua mgonjwa kutibu mgonjwa.

Lakini jana usiku tumeshinda, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, "tumepata" zimezidi "tumekosa". Nimehesabu mara mbili kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha nikamwamsha baba yako naye ahesabu.

Mechi tatu za mwisho wa msimu ni hapa nyumbani, tarehe 1 hadi 3 Oktoba, na wanaokuja ni Mets. Omba ruhusa kazini mapema. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Kama umeshanunua kofia yao, njoo nayo, ila uivulie mlangoni.