Matobo ya fundi umeme kwenye dari ya jipsam

SWALI: Fundi habari za kazi, juzi tulihamisha taa za sebuleni, fundi umeme kamaliza vizuri ila kaniachia matobo matano darini, manne saizi ya kikombe na moja kama sahani. Jirani ananambia nijaze magazeti nipake poda ya jipsam juu. Ni sawa? Mama Salma, Tabata.

JIBU: Mama Salma pole sana, ila magazeti hapana, tafadhali! Poda ikikauka inasinyaa, inapasuka na kudondoka, na huko juu kuna waya. Kwanza zima meinswichi, chungulia na tochi, ukiona maungio ya waya yamefungwa tepu tu yananing'inia mrudishe fundi wako ayaweke kwenye boksi la umeme na libaki panapofikika, usikubali kuzibiwa juu yake.

Tobo zote hizo ziba kwa kipande cha jipsam. Lile kubwa likate liwe la mraba, pitisha vipande viwili vya mbao kwa ndani uvikaze na skrubu kupitia dari yenyewe, halafu kata jipsam ya unene uleule (pima ukingo, kama ni milimita 9 basi 9) uikaze kwenye mbao. Kwenye maungio bandika ile tepu ya nyavunyavu, paka poda nyembamba mara tatu, kila mkono ukauke kabisa kwanza. Piga msasa laini, vaa barakoa maana vumbi lake linakaba kifua, kisha paka praima, ile rangi ya kutangulizia. Rangi paka dari nzima, ukigusia tu kiraka kitaonekana kila ukiwasha taa.